Neno Nisilolifundisha

Wanafunzi wangu wa siku hizi ni watu wazima: wauguzi, wahandisi, walimu wenzangu, wote wanaotaka kwenda kusoma ng'ambo, na wote wameshajua kwamba kati yao na ndege umesimama mtihani mmoja wa Kiingereza. Wakija kwangu mara ya kwanza wanaomba orodha. "Madamu, tupe maneno magumu mia tano, tutayameza." Huwa nawanunia waziwazi, maana sina subira na watu wa kumeza. Nawaambia orodha imejaa kwenye kamusi, na kamusi zinauzwa, wakanunue waniache nipumzike.

Wakishaniogopa kidogo ndipo nawapa sheria. Kata karatasi ngumu vipande vya ukubwa wa kiganja. Upande mmoja andika neno. Upande wa pili usiandike maana, andika mtu. Mtu uliyemwona kwa macho yako akilitenda neno lile, au akitendwa nalo. Siku ya kuhojiwa sitakuuliza neno lina maana gani. Nitakuuliza swali moja tu: "Nani yumo?" Ukinijibu kwa mfano wa kitabuni, nakurudisha nyumbani.

Wanafaulu. Wakifaulu wananipigia simu kunisifu kwa kubuni njia nzuri namna hiyo, nami nasema asante, asante sana. Sikubuni kitu. Njia hiyo nilifundishwa nikiwa nimeketi juu ya godoro la mtu mwingine, chini ya turubai la buluu, katika kambi moja ya wilaya ya Ngara, miaka ile ya wakimbizi. Na katika maneno yote niliyofundishwa pale, kuna moja ambalo silifundishi.

Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na daraja la nne, na Kiingereza nilikuwa nimepata alama ambayo baba aliitazama, akaikunja karatasi, akanionyesha jembe. Nyumbani kwetu ni Murusagamba, migomba mbele na nyuma, na ningekuwa nalima hadi leo kama watu wasingevuka mpaka wakikimbia mauaji kwao. Walivuka daraja la Rusumo kwa siku chache, wengi kuliko watu wote niliokuwa nimewahi kuwaona maishani, na vilima tulivyovijua kwa majina vikageuka moshi na maturubai. Shangazi yangu, aliyekuwa akiishi karibu na barabara ya kwenda Rusumo, alituma ujumbe kwamba anataka msichana wa kumsaidia kuuza ndizi na maharage katika soko la kambi. Baba akanitoa upesi, nadhani alichoka kuniona.

Nisiseme uongo, mwanzoni nilifurahi. Soko la kambi lilikuwa na shughuli kuliko mji wa Ngara. Lakini kulikuwa na mambo ambayo mtu hakuweza kuyakwepa. Baba yangu alikuwa mpenzi wa samaki. Mto ulipoanza kuleta miili ya waliouawa ng'ambo, aliacha samaki, wa mto na wa ziwa na hata wa kukaushwa, na hakuwagusa tena hadi anakufa. Hakutoa hotuba. Siku hiyo alisogeza sahani, akamwambia mama amletee maharage.

Kihangaza chetu na lugha ya wale waliovuka ni ndugu wa karibu, tunasikilizana bila shida. Kwa hiyo kijana yeyote wa Ngara aliyekuwa na Kiingereza alitafutwa na mashirika ya misaada awe mkalimani. Shirika moja lilibandika tangazo mlangoni mwa ghala lake: nafasi chache, mtihani wa kuandika na wa kuzungumza, msamiati wa kiwango cha juu. Nilikinyofoa kikaratasi hicho usiku haujaingia na watu wananiona, nikakificha ndani ya khanga. Niliitaka ile kazi kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nilitaka baba aone kwamba alinionyesha jembe mapema mno.

Nilikuwa nikilisoma tangazo kwa sauti, kati ya mteja na mteja, ndipo mtu mmoja mbele ya ndizi zangu akasema, "Unasoma kama mgonjwa anayemeza vidonge."

Alikuwa mwanaume wa miaka arobaini na kitu, mrefu, amevaa koti la suti lililotoka bitana. Nikamwamkia shikamoo kwa sababu ya koti. Akajibu "maraba," maana salamu hiyo alikuwa amejifunza hapa kwetu na silabi moja ilikuwa inamtoroka. Kule ng'ambo, akaniambia, alikuwa akifundisha Kiingereza katika shule ya sekondari. Sasa alikuwa akifundisha nani? Hakuna mtu. Mkewe alikuwa amefariki kabla ya hayo yote, kwa ugonjwa wa kawaida, na neno hilo *kawaida* alilisema mara mbili.

Alikubali kunifundisha. Nilipomuuliza anataka nini, alitaka maboksi matupu ya biskuti za msaada, yale ambayo watu walikuwa wakiwashia moto. Nikadhani ana mpango wa kuezekea. Kumbe alikuwa anataka kadi.

Hema lake lilikuwa na vitu vitatu: sufuria, dumu la maji na godoro. Godoro lilikuwa jembamba, la kitambaa cha maua, limechanika pembe moja. Nilipotaka kukaa chini alikataa, akasema mgeni haketi udongoni. Basi kila asubuhi kabla ya soko kuchangamka niliketi juu ya godoro lile, yeye juu ya dumu, tukikata maboksi kwa kisu na kutoboa kadi pembeni ili tuzitunge kwenye kamba ya mgomba.

"Neno ambalo halina mtu ndani yake," aliniambia siku ya kwanza, "utakuwa umelisahau kabla ya Jumapili."

Tukaanza. Neno *scarce*, maana yake kuwa adimu. Nani yumo? Nikamweka shangazi, aliyekuwa akitoka alfajiri kutafuta kuni na kurudi jua la utosi na mzigo wa kubebeka kwa mkono mmoja, kwa sababu vilima vyote vilikuwa vimekwisha nyolewa. Mwalimu akasema vyema. Neno *abstain*, kujinyima kitu. Nikamweka baba na samaki. Akasema vyema. Neno *reluctant*, kusitasita. Nikamweka tena shangazi, anapoombwa nyongeza ya ndizi. Hapo mwalimu alicheka mpaka akashika dumu. Nilikuwa sijawahi kumwona akicheka na nilijiona nimefanya kazi kubwa.

Lakini maneno yalipanda, nami nikaanza kuishiwa. Neno la kufiwa: nilikuwa na bibi yangu tu, aliyekufa mzee, amelala, baada ya kula. Neno la kutelekezwa: sikuwa na mtu. Neno la kunusurika: sikuwa na mtu. Maneno makubwa hayakunishinda kwa ugumu, yalinishinda kwa sababu maisha yangu yalikuwa ndizi, kanisa na shule, basi. Nikaanza kuona haya. Nilimtazama mwalimu yule nikijua kwamba kila neno ninalolikosa yeye analo, nikamwonea wivu. Naandika hili kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilimwonea mtu wivu kwa jeraha lake.

Siku moja mvua ilizuia soko. Tulifikia neno *relinquish*. Ni kuachia kitu ulichokuwa umekishika. Nikamwambia, "Mwalimu, hapa sina mtu."

Alisikiliza mvua juu ya turubai. Kisha akasema, "Ninaye mimi."

Alikuwa amefika darajani na binti yake wa miaka saba. Wa pekee. Mkono wa kushoto amemshika mtoto, mkono wa kulia umeshika godoro kichwani, maana siku nne njiani walikuwa wamelala juu ya godoro lile na hakuwa na kitu kingine. Katikati ya daraja watu walibanana hadi miguu ikaacha kugusa chini. Mtu fulani nyuma, labda hakukusudia, akalivuta godoro. "Nikalishika," alisema. "Kwa mikono miwili. Mwana wanje, sikufikiri. Ukivutwa kitu unakishika. Nilipotazama chini, mtoto hakuwepo."

Aliniita mwana wanje, mtoto wangu. Kwa Kihangaza ni vivyo hivyo.

Nilikuwa nimekaa juu ya godoro. Nilitaka kusimama na nikaona kusimama kutakuwa tusi. Akaendelea kuniambia kuhusu mtoto: jina lake, kovu la uji wa moto juu ya kifundo cha mkono wa kushoto, mkono ule ule aliokuwa ameushika, na kwamba alikuwa na mazoea ya kuhesabu hatua akitembea. Darajani alikuwa amefika mia mbili na kumi.

Nikamuuliza kwa nini hakuandikisha jina la mtoto. Kulikuwa na ofisi ya kutafuta watoto waliopotezana na wazazi wao, hapo hapo kambini, chini ya shirika lile lile nilikotaka kazi. Akatikisa kichwa. Nami, kwa ujinga wa miaka ishirini, nikamtolea methali: "Mwalimu, mficha uchi hazai."

"Nimekwisha kuzaa," akajibu.

Laiti ardhi ingenimeza. Lakini hakukasirika. Alisema polepole, kama anayeeleza kanuni ya sarufi, "Kule kwetu watu waliandikwa kwanza. Orodha ilitangulia, mengine yakafuata. Jina la mtoto wangu haliendi kwenye orodha ya mtu." Alisema pia kwamba kambini humo humo kulikuwa na watu wasiopaswa kujua kwamba ana mtoto. Sikujua kule kwao yeye alikuwa miongoni mwa walioandikwa au miongoni mwa walioandika. Sikumuuliza, na hadi leo sijui.

"Hii usiiandike kwenye kadi," akasema mvua ilipokatika. "Tafuta mtu wako."

Nilifika kwa shangazi, nikachukua kipande cha boksi, nikaandika neno upande mmoja na upande wa pili nikaandika yote: daraja, godoro, kovu, mia mbili na kumi. Nilijiambia ni kwa ajili ya kukumbuka.

Mtihani ulifanyika katika darasa la shule mjini Ngara. Wa kuandika niliupita vizuri. Wa kuzungumza tuliitwa mmoja mmoja mbele ya mama mmoja wa kigeni, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, aliyekuwa pia ndiye msimamizi wa ofisi ya kutafuta watoto. Alinipa maneno, nami nikamweka shangazi na kuni, nikamweka baba na samaki. Aliitikia kwa kichwa kwa adabu, akiandika kidogo. Kijana aliyenitangulia alikuwa ametoka anacheka. Nikaona kalamu ya yule mama imeanza kulala, nikaona jembe.

Aliniuliza, "Je, kuna kitu ulichowahi kukiachia bila kutaka?" Akalitumia neno lenyewe, *relinquish*.

Nikajikaza kisabuni nikasema ndiyo. Nikasema nilikuwa na mdogo wangu, aliyekuwa akiishi kwa ndugu zetu ng'ambo, maana sisi wa mpakani tuna ndugu pande zote mbili. Nikasema nilikwenda kumpokea darajani. Nikatoa mkono wa kushoto, mkono wa kulia, godoro. Kiingereza kilitiririka, kila neno mahali pake. Nilipofika mia mbili na kumi, yule mama alivua miwani.

Ningeweza kufaulu hapo na dhambi ikaishia chumbani mle. Lakini mtu mwema ni hatari kwa mwongo. Alifungua mkoba, akatoa fomu nyingine, si ya mtihani. Akaniuliza jina la mdogo wangu, umri, alama. Kalamu yake ilikuwa imeamka. Nilipaswa kusema nini? Kwamba mdogo wangu hana jina? Nikatoa jina la binti wa mwalimu. Nikatoa kovu. Mahali palipoandikwa uhusiano, akaandika dada, nami nikatia sahihi.

Nilikuwa wa kwanza katika orodha ya waliofaulu.

Nilipompelekea mwalimu habari alinishika mikono yote miwili. Alikuwa ameninunulia, sijui kwa kuuza nini, peni nyeusi yenye kifuniko. Akauliza, "Walikuuliza neno gani gumu kuliko yote?"

"Scarce," nikamjibu.

"Na nani alikuwemo?"

"Shangazi."

Akatabasamu kwa fahari. Peni ile niliitumia kazini kila siku. Kumtembelea niliendelea, mwanzoni kila wiki, halafu kila mwezi, halafu nikawa na kazi nyingi. Sikuweza tena kuketi juu ya godoro. Nilikuwa nasimama mlangoni nikisema ninaharakisha.

Hivyo ukapita mwaka na zaidi. Kisha kambini ukaja wasiwasi wa kurudi. Watu walisikia kwamba wakati umefika wa kuvuka kwenda kwao, na wengi waliogopa daraja kuliko njaa. Katika siku hizo hizo, Jumanne moja asubuhi, mama wa miwani aliniita ofisini. Alinikumbatia kabla hajasema. Msichana wa miaka tisa, jina lile, kovu lile, ameonekana upande wa Biharamulo, huko Kaniha, kwa familia moja ya wakulima iliyomwokota njiani ikamlea. Gari lingepatikana Ijumaa. Tungekwenda pamoja, mimi na yeye, kumchukua mdogo wangu.

Nilisema asante kwa Kiingereza kizuri.

Kutoka ofisini hadi hema la mwalimu ni mwendo wa kama nusu saa. Ningefika nikamwambia kabla chai haijapoa. Lakini kumwambia ilikuwa ni kumwambia yote, na yeye angekwenda ofisini, na ofisi ingejua kwamba mkalimani wake bora ni mwongo. Shangazi hupenda kusema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa imenifikisha mbali na sikutaka kushuka. Nikajiambia kwanza nikamwone mtoto kwa macho yangu, nisije nikampa mzee wa watu tumaini la bure. Maneno mazuri sana hayo. Jumatano nikayarudia. Alhamisi nikaenda mpaka mwanzo wa safu yake ya mahema, nikaliona turubai lake, nikaona moshi wake, nikageuka.

Ijumaa kulipokucha kambi ilikuwa imeanza kutembea. Watu hawakuelekea darajani. Walikimbilia upande wa pili, mashariki, barabara ile ile ya kwenda Biharamulo, kila mtu na mzigo wake. Gari letu lilikwenda katikati yao kwa mwendo wa miguu. Nilitazama kila koti. Mama wa miwani alinishika bega akidhani nalia kwa furaha.

Kaniha tulifika mchana umekwisha geuka. Msichana alikuwa akipukuchua mahindi na mama wa nyumba ile, mwanamke mnene aliyetukaribisha kwa macho mekundu, maana alijua tumekuja kumnyang'anya mtoto. Nilimwona mtoto mkono kwanza. Kovu lilikuwa kubwa kuliko nilivyoliandika.

"Haya," mama wa nyumba akamwambia kwa Kiswahili. "Dada yako huyu, mwamkie."

Mtoto akanitazama kwa makini, bila haraka, kama mtu anayekagua mbegu. Akasema, "Simjui."

Mama wa miwani akauliza amesema nini. Nilikuwa mkalimani. Kazi yangu ilikuwa kueleza kilichosemwa, si zaidi. Nikamweleza. Kisha nikaongeza yangu: kwamba mtoto anasema kweli, kwamba mimi si dada yake, kwamba baba yake yu hai, anaitwa fulani, hema lake liko mahali fulani, na habari ile niliiiba. Sijawahi kuzungumza Kiingereza safi namna ile, kabla wala baada. Alinisikiliza hadi mwisho na hakunikumbatia tena.

Nikapiga magoti mbele ya mtoto, nikamwambia kwa Kihangaza kwamba baba yake yuko kambini, alivuka salama, alinifundisha.

"Na godoro lilivuka?" akaniuliza.

Nikasema lilivuka.

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye mahindi yake akamalizia gunzi lililokuwa mkononi, ndipo akasimama.

Tulilala hapo, Jumamosi tukarudi naye. Umati ule ule tulioupita jana ulikuwa umegeuzwa na askari barabarani, sasa unaelekea darajani, polepole, chini ya ulinzi. Kwa hiyo huenda mwalimu tulimpita mara mbili. Niliita jina lake dirishani hadi sauti ikakauka. Wanaume kadhaa waligeuka, maana ni jina la watu wengi. Mtoto aliketi katikati yetu, midomo ikitembea. Nilipoinama nikasikia anahesabu miti.

Kambi ilikuwa tupu, majivu na viatu vya mguu mmoja mmoja. Nilimpeleka hadi kwenye hema, nadhani kwa sababu sikujua pengine pa kumpeleka. Turubai lilikuwa limeng'olewa, nguzo zimebaki. Dumu halikuwepo, sufuria haikuwepo. Godoro lilikuwepo. Lilikuwa limekunjwa vizuri, limefungwa kamba ya mgomba tayari kubebwa, kisha limeachwa. Mtoto alivuta kile kitambaa cha maua, akaitafuta pembe iliyochanika, akaipata. Kisha akaketi juu yake, akaweka mikono mapajani, akasubiri.

Alisubiri hadi dereva alipokuja kutuita mara ya tatu.

Fomu mpya niliijaza mimi, kwa peni ile nyeusi, ndiyo ilikuwa kazi yangu ya mwisho kwa shirika lile. Jina la baba, jina la binti, uhusiano. Jina lake likaingia kwenye orodha ambayo baba yake hakuitaka. Siku iliyofuata alivushwa na watoto wengine kwa lori. Kama waliwahi kuonana huko, sijui. Niliandika barua, nikaandika nyingine. Mama wa miwani hakunijibu, na simlaumu.

Baba yangu hakunionyesha jembe niliporudi Murusagamba. Nililichukua mwenyewe. Kiingereza kilinitoa tena huko baada ya miaka mingi, na leo ndicho kinachonilisha, na kila mwanafunzi anayefaulu anafaulu kwa njia ya mwalimu yule. Kadi ninazo zote kwenye kamba yake. Wakati mwingine, mchana tu, katikati ya somo, nasikia mvua juu ya turubai na najua hakuna mvua.

Mwaka jana mwanafunzi mmoja, muuguzi, mama wa watoto wawili, alikuja na neno lile alilolikuta mwenyewe kwenye karatasi ya mazoezi. Nikamwambia atalikuta kwenye kamusi, tuendelee. Hakuendelea. Alikuwa amenisikiliza vizuri mno miezi yote ile.

"Madamu," akasema, "si umetufundisha wewe? Nani yumo?"

Darasa zima likacheka, nami nikacheka nao. Kisha nikasema ukweli kwa mara ya pili maishani mwangu. Nikasema yumo mwanaume mmoja aliyeshika godoro bila kufikiri, kwa muda wa kupepesa jicho, akampoteza binti yake. Na yumo msichana mmoja aliyekuwa na binti huyo mkononi tangu Jumanne hadi Ijumaa, akafikiri sana, akashika kazi.